Amana Iliyo Ndani ya Jino

Aghlabu ya watu hudhani ya kuwa jino ni kitu kigumu kitupu, mfano wa jiwe lililopandwa katika ufizi. Likiuma hung'olewa, na habari yake ikaisha. Sivyo. Ndani ya kila jino mna uwazi, na ndani ya uwazi huo mna nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu, nayo hushuka katika mizizi kwa njia nyembamba mpaka nchani, hapo inapoungana na mwili. Uozo ukila tabaka la nje ukaifikia nyama hiyo, huvimba mahali pasipo nafasi ya kuvimba, na hiyo ndiyo sababu ya maumivu ya usiku yasiyompa mtu usingizi. Kisha nyama hufa. Maumivu yakatulia, mwenye jino akahimidi, naye hajui kuwa aliyeondoka ni mlinzi tu, na adui amekwisha ingia nyumbani.

Jino la namna hii lina dawa mbili. Ya kwanza ni kuling'oa. Ya pili ni kulitoboa kwa juu, kuitoa nyama iliyokufa, kuzisafisha njia za mizizi mpaka mwisho wake, kisha kuziziba pasipenye kitu. Kazi hii ya pili huitwa matibabu ya mizizi ya jino, nayo ndiyo yenye mas'ala.

Ikadiriwe hali ya mtu mmoja wa Mtoni, katika Temeke, seremala mwenye wake na wana, aliyepata maradhi haya katika gego lake la kwanza la juu. Kwanza alivumilia. Kisha akanunua vidonge vya kuua vijidudu dukani, pasipo kumwuliza tabibu. Uvimbe ukapungua, akaona amepona, na baada ya wiki chache ukarudi. Wala si ajabu kurudi, kwa kuwa dawa ya kumeza huchukuliwa na damu, na jino lililokufa halina damu ndani yake. Dawa haifiki penye uchafu. Watu wengi wamedanganyika kwa njia hii, na wako walioacha usaha wa magego ya chini ukashuka chini ya ulimi na kuelekea kooni hata ukawaziba pumzi wakafa. Huyu wa Mtoni alishikwa na khofu, akapanda gari katika Barabara ya Kilwa akaenda kwa daktari wa meno. Akaambiwa: kung'oa ni leo hii na kwa fedha kidogo, kuliponya ni fedha nyingi zaidi, na kuja mara mbili au tatu. Akafikiri umri wake na chakula chake, akachagua kuliponya. Akalala kitini, akafunua kinywa, akafumba macho.

Hapo ndipo amana ilipoanza. Mwenye kushonewa kanzu huweza kuigeuza akaitazama mishono. Mwenye kujengewa nyumba huweza kugonga ukuta. Ama huyu hawezi kuona lolote katika yanayofanywa ndani ya jino lake, wala mkewe hawezi, wala jirani yake. Na kazi ikiisha hufunikwa kwa kizibo cheupe kizuri, na jino lililotengenezwa vyema na lililotengenezwa vibaya yakafanana mbele ya kioo.

Na mashaka ya kazi hii ni mengi. Jino zima, toka juu hata ncha ya mzizi, ni kama milimita 20 au kupita kidogo. Chombo cha kuingilia ni tupa mfano wa sindano, na ile nyembamba kabisa ncha yake haifiki sehemu 1 ya 10 ya milimita. Gego la kwanza la juu lina mizizi 3; basi mwenye haraka hutafuta njia 3, akaziba, akapokea ujira wake. Lakini mara nyingi mzizi wa mbele ulio upande wa shavu huwa na njia 2, na mlango wa ile ya pili umejificha chini ya ukingo, ni mdogo kama tundu lililochomwa kwa sindano. Njia moja ikisahauliwa, uchafu wake hubaki, na jino hilo litarudi kuuma hata kama nyingine zote zimesafishwa kwa uhodari. Picha ya eksirei husaidia, lakini nayo ni kivuli cha upande mmoja, na njia 2 zilizosimama moja nyuma ya mwenziwe huonekana kama moja. Tena mizizi hupinda. Tena kwa mtu mzima, au kwa jino lililosumbuka miaka mingi, mwili wenyewe huzibana njia kwa chokaa, na mwenye kulazimisha hutoboa ukuta wa mzizi akatokea pasipo njia. Maji ya kusafishia ni ya klorini, jamaa ya yale yanayong'arisha kanzu; yakisukumwa kwa nguvu yakapita ncha ya mzizi, huunguza nyama ya ndani na shavu likafura papo hapo. Ipo na karatasi ya mpira, iliyobuniwa na Barnum wa New York mwaka 1864, ya kulitenga jino ili mate yasiingie wala chombo kisianguke kooni. Wako matabibu wanaoiacha kwa kuona kuivika ni taabu, na wenye kutibiwa hawajui kuwa wamepunjwa.

Njia zikisafika hujazwa gatapecha, utomvu wa miti ya nchi za Malaya. Utomvu huo ndio uliofunikia nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari kufika Unguja mwaka 1879, kwa sababu maji ya chumvi hayaupenyi. Kitu kilichozuia bahari chaweza kuzuia mate, ila kwa sharti kiwe kimefika mwisho wa mzizi. Kikikomea katikati, huwa ni mlango uliofungwa na dirisha limeachwa wazi.

Sasa ikadiriwe kwamba katika gego la yule wa Mtoni, tupa ilivunjika, na kipande chake kikabaki ndani ya mzizi uliopinda. Jambo hili huwapata hata mahodari. Tupa zilizoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980, za nikeli na titani, hupinda kuufuata mzizi kuliko zile za chuma cha pua, lakini zikichoka huweza kukatika bila ya kuonyesha dalili. Daktari ameona. Msaidizi wake huenda ameona. Mwenye jino amelala chini ya ganzi na hana habari. Je, aambiwe?

Wenye kusema asiambiwe wana hoja, wala si zote dhaifu. Husema: kipande chenyewe hakina sumu, kikivunjika mwisho wa kazi, njia imekwisha safika, jino laweza kukaa nacho miaka mingi bila ya dhara. Kumwambia ni kumtia wasiwasi, naye atakwenda kutangaza barazani kuwa daktari fulani kamwachia chuma kichwani, na watu watamkimbia na kurudi kwa wang'oaji. Basi kunyamaza kuna maslaha kwake na kwa wenziwe.

Jawabu ya hoja hii imo katika khabari iliyopokewa na Imamu Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye chungu ya nafaka sokoni akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Na itazamwe vyema: mvua haikuwa kosa la yule mchuuzi. Hakulaumiwa kwa kunyeshewa. Alilaumiwa kwa kuiweka iliyolowa chini na kavu juu, watu wasione. Kadhalika tupa iliyovunjika katika mkono wa mwenye kujua na mwenye kutahadhari ni mvua. Kizibo cheupe kilichowekwa juu yake kwa kimya ndicho ghashi.

Tena hoja ya kuwa kipande hakidhuru si ya kweli kila mara. Kikivunjika mwanzo wa kazi, uchafu ungaliko chini yake, khatari ni kubwa; na hapo zipo njia za kufuata: kukipita ubavuni, kukitoa kwa mkono wa bingwa mwenye darubini, au kupasua ufizi na kuikata ncha ya mzizi. Njia zote hizi zina wakati wake. Mtu asiyeambiwa hawezi kuziendea, na atakapoamshwa na uvimbe baada ya mwaka, huenda mfupa wa taya umekwisha liwa. Aliyenyamaza hakuficha habari tu, bali alichukua muda wa mtu na chaguo lake, navyo havikuwa mali yake.

Na liko la kabla ya hilo: ni nani mwenye haki ya kuishika tupa? Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusi, aliyeandika juu ya upasuaji yapata miaka 1000 iliyopita, alionya watu wasiharakie kung'oa, kwa kuwa maumivu humdanganya mwenyewe akaonyesha jino zima na kuliacha bovu. Onyo hili halijachakaa katika nchi ambayo hata watoto wachanga wameng'olewa vijino visivyotoka bado kwa dhana ya "meno ya plastiki", eti ndiyo yaletayo homa na kuharisha. Lakini kukataa kung'oa hakumpi mtu elimu ya kuponya. Imepokewa kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, dhima ni juu yake. Katika mji wa Dar es Salaam elimu hii ipo. Muhimbili imesomesha madaktari wa meno tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Basi aonaye mzizi umepinda kupita uwezo wake, na kutoka Mtoni hata Upanga ni safari ya nusu siku tu, kumwandikia mtu barua ya kwenda kwa ajuaye zaidi si aibu. Aibu ni kujifunzia katika taya la mwenziwe bila ya idhini.

Wala dhima si ya upande mmoja. Wengi wakitulia maumivu siku ya kwanza hawarudi. Kile kizibo cha muda, kilichowekwa kukaa wiki chache, hukaa miezi, mate hupenya, na kazi yote ikaharibika. Wengine hurudi lakini hukataa kulifunika jino kwa kofia yake, na gego lililotobolewa hupasuka siku moja kwa punje ya mchanga katika wali. Lakini je, waliambiwa? Aliyetajiwa gharama ya siku ya kwanza peke yake, akaja kugundua baadaye kuwa kofia inagharimu kupita kazi yote, hakukhini, alikatikiwa njiani. Daktari anayemwona seremala mwenye kipato cha siku kwa siku, akamwanzishia kazi ajuayo kuwa hataimaliza, afadhali angemng'oa kwa kweli. Kuna meno ambayo kung'olewa ndiko insafu kwa mwenyewe, na kumwambia hivyo kabla ya kupokea senti moja ni sehemu ya utabibu.

Yabaki ya malipo. Tupa imevunjika, mtu ameambiwa, na yamlazimu kwenda kwa bingwa: nani atoe fedha? Mafakihi wameona kuwa tabibu hodari asiyevuka mpaka halipi kilichoharibika pasipo uzembe wake. Kwa hukumu hiyo, daktari wa Mtoni aliyejua kazi yake, akatahadhari na akasema, hadaiwi. Ama aliyenyamaza, hata kama kuvunjika hakukuwa kosa lake, amelifanya kuwa lake tangu saa aliyofunika. Na gego likija kung'olewa baada ya mwaka, kipande kile kitatoka pamoja na mzizi wake, kimeng'aa vilevile, mbele ya macho ya mwenyewe.