Ni Nani Atakayeteka Maji?

Masika yakaribiapo, familia nyingi za Dodoma na za nyanda zote za kati hushikwa na nia njema ya kuanzisha bustani ya mboga. Nia hiyo twaisifu. Mchicha, kunde, figiri na matembele huleta afya mezani, huokoa shilingi mfukoni, na huwafunza watoto kwamba chakula hakizaliwi dukani, bali hutoka udongoni kwa baraka ya Mungu na jasho la mtu. Basi hatuandiki leo ili kumshawishi yeyote apende mboga. Twaandika kwa sababu familia nyingi, zikaapo kupanga bustani yao ya kwanza, huuliza maswali matatu: tupande nini, tupande wapi, tupande lini. Swali la nne, ambalo kwa uzito ndilo la kwanza, haliulizwi. Nalo ni hili: ni nani atakayeteka maji?

Msomaji wetu wa Bukoba au wa Rungwe, ambako mvua hainyimi, huenda akashangaa. Lakini Dodoma hupata mvua ya milimeta 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tangu Mei hadi Novemba mbingu hufungwa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, Musa awaambia Waisraeli kwamba nchi waiendeayo si kama Misri, ambako mtu alinywesha mbegu zake kwa kazi ya mguu wake, kama anyweshavyo bustani ya mboga. Hiyo ni nchi inywayo mvua ya mbinguni. Mkulima wa Ugogo ayaelewa maneno hayo bila kufafanuliwa. Mwenye shamba la mtama hutazama mbingu. Mwenye bustani ya kiangazi hutegemea miguu ya mtu. Nasi twauliza: miguu ya nani?

Tuhesabu kidogo, kwa maana haki haichukii hesabu. Siku ya kiangazi, jua na upepo huweza kuondoa udongoni maji ya kimo cha milimeta 5 hivi, yaani lita 5 katika kila meta moja ya mraba. Tuta lenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 3 lataka basi lita 15. Na pamoja na yale yamwagikayo njiani, ndoo moja ya lita 20 kila siku. Matuta sita ni ndoo sita, nazo uzito wake ni kilo 120. Kwa mwezi mmoja ni kilo 3,600. Baba achorapo matuta sita mchangani kwa ncha ya fimbo, kazi ya dakika moja, hapo hapo amekwisha kuandika kilo hizo zote juu ya kichwa cha mtu. Na katika nyumba isiyo na bomba, mtu huyo kwa kawaida ni mama, au ni binti ambaye saa ile alipaswa kuwa na daftari lake mkononi.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Uovu ulio wazi twautambua upesi na kuukemea. Bali dhuluma iliyofichwa ndani ya jambo jema yatupita bila kuonekana, kwa sababu jambo lenyewe lasifiwa. Wageni wataisifu bustani, mwalimu ataisifu, hata padre ataisifu. Wala hakuna atakayeuliza habari za shingo iliyoichukulia maji. Lakini mafundisho ya Kanisa ni wazi: mwisho mwema hautakasi njia isiyo ya haki. Mboga za mtoto mmoja zisinunuliwe kwa elimu ya mtoto mwingine.

Twajua majibu yatakayotolewa, nayo yafaa tuyasikilize kwa heshima.

Wa kwanza atasema: kuteka maji ni desturi ya wanawake tangu zamani. Twajibu kwamba desturi ina kipimo chake. Bibi zetu waliteka maji ya kunywa, ya kupikia na ya kuogeshea watoto. Hawakupata kukubali ndoo sita zaidi kila siku kwa ajili ya nyanya na vitunguu. Tena desturi hiyo hiyo ilikuwa na hekima yake juu ya mboga. Wagogo walichuma mlenda wakati wa mvua, wakaukausha, wakautwanga na kuuweka akiba, ukaliwa na ugali miezi yote ya ukavu. Yaani bibi alikuwa na mboga za Septemba bila kuzimwagilia hata kata moja. Atakaye kuiheshimu desturi aiheshimu yote, wala asichukue mzigo wake tu na kuiacha hekima yake. Kazi mpya haiingizwi nyumbani kwa mlango wa desturi ya kale. Yataka shauri jipya.

Wa pili atasema: baba ndiye kichwa cha nyumba, naye akiagiza imetosha. Hatutaki kuipunguza heshima ya baba. Twamkumbusha tu ni nani aliyempa mfano wa ukubwa. Usiku ule wa Karamu ya Mwisho, Bwana wetu Yesu Kristu hakumwagiza mtume yeyote alete maji. Yohane Mwinjili aeleza kwamba Yeye mwenyewe alitia maji katika karai, akaanza kuwaosha wanafunzi miguu. Baba aendaye kisimani na baiskeli na madumu yake mawili kabla ya jua kuchomoza hapungukiwi kitu katika ukuu wake. Amri yake, anapoitoa, husikilizwa zaidi, kwa maana watoto wajua kwamba aujua uzito wa dumu.

Tena kuna jambo la haki ya neno. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mtu ailimapo nchi kwa mikono yake huacha humo kama chapa ya nafsi yake. Ndiyo maana yampasa kuwa na haki juu ya matunda yake. Mafundisho hayo twazoea kuyatumia kati ya mwajiri na mfanyakazi. Kwa nini tusiyatumie uani? Kama mama na mabinti ndio watiao chapa yao katika matuta kwa kila ndoo wanayomwaga, basi wana neno juu ya ukubwa wa bustani, juu ya mbegu za kupandwa, na juu ya fedha ikiwa mboga zitauzwa. Papa Yohane XXIII naye, katika Mater et Magistra ya mwaka 1961, aliwataka wakulima wenyewe wawe watendaji wakuu wa maendeleo yao. Hatuoni jinsi neno hilo liwezavyo kuwa kweli kijijini likiwa uongo ndani ya nyumba.

Wa tatu atasema: mkiyafanya mambo kuwa magumu hivyo, watu wataacha bustani, na watoto watakosa mboga. Jibu hili ndilo zito kuliko yote, wala hatulidharau. Nchi hii yakumbuka njaa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua nazo zikakosekana, Ugogo ilipatwa na njaa kuu iitwayo Mtunya. Mtu asiseme hapa kwamba chakula ni jambo dogo. Lakini kupima si kuacha. Sisi hatusemi bustani isiwepo. Twasema iwe na ukubwa wa maji yanayoweza kuchukuliwa kwa haki. Matuta mawili yanywayo vizuri huzaa kuliko sita yenye kiu, na aliyeyahudumia bila kuchoka mno atarudi kuyahudumia kesho.

Zaidi ya hayo, akili yaweza kupunguza mzigo. Anza Desemba, ili mvua yenyewe iwe mtekaji wa kwanza. Mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mboga zizidipo, kausha majani ya kunde kivulini kwa ajili ya kiangazi, kama bibi alivyofanya. Katika nchi kavu chimba kitalu kilichozama kidogo chini ya usawa wa ardhi, wala usiinue tuta, ili maji yatulie penye mizizi. Changanya samadi iliyooza vizuri, maana udongo ulioshiba samadi hushika unyevu. Tandaza majani makavu juu yake. Mwagilia alfajiri au jioni. Maji yaliyosafishia mchele na mboga yasimwagwe njiani. Kila moja ya kazi hizi ni tendo la mapendo kwa yule mwenye ndoo, ingawa laitwa kilimo.

Lakini swali letu haliishii kwenye ua. Maji ya kisima ni ya watu wengi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zilifuata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mkoa watu milioni 2 na zaidi kidogo, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 3. Mvua haikuongezeka kwa kiasi hicho. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Maana yake pale kisimani ni nyepesi kueleweka: mtu anywe kwanza, na mifugo ya watu isife, bustani ingoje zamu yake. Anayejaza mapipa ya kunyweshea nyanya huku jirani amesimama na ndoo tupu ya kupikia uji hawezi kujitetea kwamba alitangulia kufika.

Wasomaji wetu waikumbuke bustani ya mboga iliyo mbaya kuliko zote katika Maandiko Matakatifu. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Naboti. Si kwa jumba wala kwa ngome. Alilitaka liwe bustani ya mboga, kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Haja ndogo namna hiyo, na Naboti akauawa. Hatumfananishi msomaji wetu na Ahabu. Twasema tu kwamba udogo na uzuri wa kitu kinachotafutwa haumlindi mtu asidhulumu katika kukitafuta.

Basi twashauri hivi. Dominika moja kabla ya mvua, baada ya Misa na chakula, familia yote iketi, wadogo na wakubwa. Kila mmoja aseme ataleta ndoo ngapi kwa juma, baba akianza, na wavulana wasiachwe nyuma. Siku za shule na za mitihani zihesabiwe. Ndoo zikishajumlishwa, hapo ndipo fimbo ichukuliwe na matuta yachorwe, si zaidi ya hesabu ile. Tena ikubaliwe mapema kwamba mboga za kwanza ni za watoto wa nyumba, na fungu moja ni la mjane au mgonjwa aliye jirani; sokoni yaende yaliyosalia. Kitabu cha Methali kinatufundisha kwamba chakula cha mboga penye mapendo ni bora kuliko ng'ombe aliyenona penye chuki. Mapendo hayo hayaanzi wakati wa kuketi mezani. Huanza njiani kutoka kisimani, kwa kujua ni nani aliyebeba ndoo, na kuipokea kichwani pake.