Uvivu wa Vijana ni wa Nani?

Husemwa Mombasa na husemwa Nyeri kwamba vijana wa leo wakiingia jeshini huchoka upesi na amri huwaelemea. Je, bidii huzaliwa na rika moja na kufa nalo?

Natumtazame Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri mwaka 1922. Alifunzwa uaskari katika King's African Rifles, akapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akimtumikia mfalme wa kigeni kwa mshahara. Alirejea, na baadaye akaingia msitu wa Mlima Kenya, akaitwa Jenerali China. Huko aliwafunza vijana wasiolipwa kitu, nao wakastahimili baridi na njaa. Alikamatwa mwaka 1954. Na Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoundwa mwaka 1964, akawa miongoni mwa wakuu wake.

Mvivu hakosekani katika kila rika. Lakini kijana ajuaye ataabikia nini hangoji jicho la sajini. Basi, enyi wazee, kabla ya kumlaumu na tujiulize: tumemwonyesha maana ya kazi, au tumempa amri tu?