Usimwambie Mama



Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Wazazi wengi walikuwa na maswali: mtoto afuate mkondo wa sayansi, wa masomo ya jamii, au wa sanaa na michezo? Bweni au kutwa? Parokiani kwetu tukaombwa tuandae masomo mafupi ya kuwatumia wazazi kwa simu. Mimi nilidhani somo la kwanza litakuwa orodha: sanduku, godoro, sare.

Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, masomo hayo yatafika kwenye simu ya nani?" Tulinyamaza. Katika nyumba nyingi za kwetu, simu ya intaneti hukaa mfukoni mwa baba.

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu nalijua kosa langu. Mwaka wa 2018 binti yetu aliitwa Kidato cha Kwanza. Mke wangu alitaka asome shule ya kutwa, tusije tukakosa karo ya wadogo zake. Mimi nikachukua mkopo kwa siri ili aende bweni, nikasema amepata mfadhili. Binti aliziona karatasi. Nikamwambia, "Usimwambie mama."

Njia ya mwongo ni fupi. Makato ya mkopo yalipojulikana, binti alilia akasema, "Baba, kila likizo mama aliniuliza habari za mfadhili, nami nilimdanganya." Kumbe ndiyo sababu alikuwa akimkwepa mama yake, nasi tukidhani ni kiburi cha bweni.

Je, ni halali kumficha mwenzio jambo kwa faida ya mtoto? Utasema karo ililipwa na mtoto akasoma. Ni kweli. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Basi mimi nilimfundisha nini binti yangu? Kwamba mama anaweza kupendwa na kudanganywa kwa wakati mmoja.

Wengine husema, "Nikimwambia atakataa." Huenda. Lakini deni ni la nyumba nzima, naye ana haki ya kukataa. Yuko pia mke ambaye mumewe hunywa pesa za karo. Huyo simlaumu akizipeleka moja kwa moja shuleni. Kulinda karo si uongo, mradi mtoto asifanywe mlinzi wa siri.

Kwa hiyo tulibadilisha mpango. Somo la kwanza hutumwa kwa simu zote mbili. Penye simu moja, tunaomba lisikilizwe na wote wawili, ndiyo maana tumelirekodi kwa sauti. Kazi yake ni moja: kaeni pamoja, andikeni mapato, madeni yote na karo. Kisha mwiteni mtoto, asikie neno moja kutoka kwenu wawili. Orodha ya sanduku ni somo la pili.

Ndugu msomaji, je, kuna jambo mtoto wako analijua ambalo mwenzio halijui? Usimwachie mtoto mzigo huo. Mwambie mwenzio wewe mwenyewe, leo jioni, kabla hamjalala.