Dua ya Kugeuza Kimbunga

Safari ya kuwapeleka watoto Disney World, kule Orlando, Florida, tumeipanga wiki ya pili ya Septemba. Mke wangu, mama Salma, ndiye aliyeichagua wiki hiyo: shule za Marekani zinakuwa zimeshafunguliwa, foleni zimepungua na vyumba vimeshuka bei. Ila ndio wakati wenyewe wa dhoruba. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 ukaisha Novemba 30, na Septemba ndiyo kilele chake. Mama mkwe alipoyasikia hayo, akatuambia kwa simu kutoka Mtwara, "Msihofu, wanangu. Nitawaombea. Kikija, kitageuka."

Nikaitikia amina. Lakini kikigeuka, kinakwenda kwa nani?

Aprili 2019 nilikuwa bado Mtwara, kimbunga Kenneth kilipokuwa njiani. Tulitakiwa tukae sehemu salama, tukaomba sana. Tarehe 25 kikaingia nchi kavu ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, kikabomoa nyumba hadi kisiwa cha Ibo na kuua makumi ya watu. Msikitini tulishukuru kwa sauti. Mzee mmoja muuza samaki alikuwa ameinama, simu mkononi, anapiga tena na tena; dada yake ameolewa Ibo na hapatikani. Shukrani yetu ilipita juu ya kichwa chake.

Florida nako ni hivyo hivyo. Mwaka 2022 watu wa Tampa walijiandaa kukipokea kimbunga Ian, nacho kikapinda, kikatua karibu na Fort Myers Septemba 28. Waliokufa katika jimbo hilo walizidi mia. Disney ilifunga siku mbili.

Nimerudi kwenye hadithi ya mvua ya Madina. Ilinyesha wiki nzima hata nyumba zikaanza kuanguka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba iwe pembeni yao isiwe juu yao. Kisha akataja iende wapi: vilimani, mabondeni, panapoota miti. Hakuisukumia kwa jirani. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Kimbunga nacho kina pake pasipo na nyumba, bahari kuu, na vingi huishia huko bila kugusa nchi. Nimemwomba mama mkwe aombe hivyo: kifie baharini.

Kuhusu tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, sioni ugomvi kati yake na mipango. Bima ya safari inunuliwe kabla dhoruba haijapewa jina, maana ikishapewa, bima inayonunuliwa baada ya hapo haiilipi tena. Disney nao huruhusu kuahirisha bila faini tahadhari ya kimbunga ikitolewa kwa Orlando ndani ya siku saba kabla ya kufika. Sisi tuna mlango wa kutokea. Wapo wafanyakazi wa Disney wanaobaki humo humo dhoruba inapopita, walinde mali na kuwahudumia wageni waliokwama, na hao nao wamo katika dua zetu.

Jambo moja tumekubaliana na mama Salma, tena bila kubishana. Watu wa pwani wakiamriwa kuhama, wengi hukimbilia hoteli za Orlando. Kwa hiyo tahadhari ikitoka, hatungoji kuona kama kimbunga kitageuka. Tunakiachilia chumba chetu siku hiyo hiyo, apate kulala mwenye watoto aliyetoka Fort Myers.