Wepesi na Uimara

Msomaji, je, kila mzigo utuliwao ni faida? Mtazame mshindani ateremkaye mlimani kwa baiskeli, katika michezo ambayo ubingwa wake wa dunia ulishindaniwa Durango, Marekani, mwaka 1990. Siku hizi uma wa mbele wa baiskeli yake hubonyea kadiri ya milimita 200 ili kumeza vishindo vya mawe. Uma huo ni mzito, naye hutamani mwepesi.

Njia ni mbili. Aweza kuondoa springi ya chuma na kutumia hewa iliyoshindiliwa: uzito hupungua, na mifupa ya uma hubaki na nguvu zake. Au aweza kuchagua uma mwembamba uliofanyiwa njia za upole: uzito hupungua zaidi, lakini ukivunjika mteremkoni, mwenyewe huvunjika nao.

Basi wepesi hupimwa kwa kile kilichotolewa. Kiburi na kinyongo ni mizigo ya bure; kuitua ni busara. Ahadi na wajibu pia ni vizito, lakini hivyo ndivyo vitushikiliavyo siku ya kishindo. Atuaye vyote hufika chini upesi, wala si salama.