Pindueni Bakuli!

Ndugu zangu mnaomtuma mtoto dukani alfajiri akarudi na boflo la jana, nasema nanyi! Nasema na wewe mama uliyeiahidi nyumba yako mkate wa moto, na wewe baba uliyepokea mshahara ukashika njia ya Kariakoo kutafuta mashine ya mkate. Simameni hapo hapo mlangoni, kabla hamjatoa hata senti!

Kwa maana mnanunua kwa macho. Muuzaji anawasha kioo, taa ya buluu inamulika, naye anahesabu: programu 12, programu 15, programu 19, mkate wa Kifaransa, keki, mtindi, hata jemu. Nanyi mnatikisa vichwa. Jemu! Nani kati yenu atapika jemu ya maembe ndani ya mashine ya mkate? Mnaposa kwa picha, ndugu zangu. Programu hizo karibu zote ni mpangilio wa saa na joto: kanda, pumzisha, umusha, oka. Mtatumia mbili, labda tatu. Na mkate wa kumimina haumo, wala wa mofa, hata muuzaji akiapa.

Sikieni ilikotoka mashine hii, mpate kujua wapi pa kutazama. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Matsushita huko Osaka, Japani, walikuwa wamekwama. Mashine yao iliunguza ganda, ndani ikaacha donge bichi. Walipiga hadi picha za eksirei wakalinganisha donge la mashine na donge la mwokaji, hawakuambulia kitu. Ndipo mwenzao Ikuko Tanaka, mtengenezaji wa programu, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Hoteli ya Osaka International, akamwona akilivuta donge huku akilisokota. Kumbe siri ilikuwa mkononi! Wakarudi kazini, wakatia mbavu maalumu ndani ya mashine ili donge livutike vile vile, na mwaka 1987 wakaiingiza sokoni.

Basi, kama siri ni kukanda, fungueni mfuniko, toeni bakuli, mlipindue! Katikati ya kitako chake kuna ekseli ndogo, ndiyo inayokizungusha kile kijimwiko cha kukandia. Izungushe kwa vidole vyako. Ikienda laini, endelea kumsikiliza muuzaji. Ikikwaruza kama ina mchanga, rudisha bakuli mahali pake. Na kama mashine imetumika, tafuta kutu au weusi wa grisi pembeni mwa ekseli. Ukiuona, jua sili, kijimpira cha kuzuia maji, imekwisha kuliwa, maji ya donge yanapenya hadi kwenye beringi, na iko siku kijimwiko kitagoma katikati ya kukanda, unga ukiwa nusu maji. Mashine nyingi hufia hapo, kwenye kijimpira ambacho hakuna aliyewahi kukitazama dukani, huku kioo kikiwaka vizuri na mota ikiwa nzima. Kwa hiyo ulizeni: bakuli la akiba lipo? Kijimwiko je? Mkanda wa mota? Akijibu kwamba hivyo haviharibiki, muageni kwa heshima mwende zenu.

Nanyi mliotumiwa mashine na ndugu aliyeko Marekani, au mnaosubiri mitumba ya Japani, someni kibandiko! Marekani ni volti 120, Japani 100. Ukutani kwetu Tanzania ni 230, na Kenya 240. Ichomeke hivyo hivyo, utanusa harufu isiyo ya mkate. Transfoma itawaokoa, ila iwe na uwezo unaozidi wati za mashine, na nyingi hula wati 500 hadi 700. Kile kitransfoma cha redio kiacheni na redio yake.

Sasa umeme kukatika. Hapa silegezi kamba. Mkate wa kawaida huchukua saa 3 hadi 4, na wa unga usiokobolewa huzidi. Katika saa hizo nani atakuhakikishia umeme? Mashine inayofaa ina kumbukumbu: umeme ukirudi baada ya dakika chache, nyingine hata 10, inaendelea pale ilipoachia. Isiyo nayo hunyamaza, au huanza upya kulikanda donge lililokwisha kuumuka. Kwetu sisi, mashine isiyo na kumbukumbu ni ya kuwekea maua. Ijaribuni palepale dukani: iwasheni, chomoeni plagi, hesabuni hadi thelathini, chomekeni tena. Muuzaji akinuna, anune.

Inyanyueni pia. Iliyo nyepesi mno hutembea mezani ikikanda donge gumu, na zipo zilizokwisha kuanguka sakafuni wenyewe wamelala.

Na mkishanunua, msiisingizie mashine dhambi zenu! Pwani kuna joto. Tieni maji baridi na mpunguze hamira, ama sivyo donge litaumuka kupita kiasi kisha paa la mkate libonyee. Unga pimeni kwa mizani, mkiache kile kikombe cha chai kilichojazwa kichuguu. Dakika za mwanzo za kukanda fungueni mfuniko mtazame: donge liwe duara, linate kidogo tu kwenye kidole. Kijimwiko kikibaki ndani ya mkate, kitoeni kwa kijiti. Kisu kitakwangua ule utando mweusi wa kuzuia kunata. Wala bakuli lisilazwe majini usiku kucha, kwa sababu sili ile ile inawasubiri huko chini.

Na wewe ambaye yako iko juu ya kabati inakula vumbi kwa kuwa ilianza kupiga kelele, ishushe! Mpelekee fundi bakuli peke yake. Mwambie atafute beringi na sili ya kipimo hicho, sili inayostahimili joto la kuokea na isiyo na madhara kwenye chakula. Akikuambia ununue mashine mpya kabla hata hajaligeuza bakuli, tafuta fundi mwingine.