Ile Picha Ni Nzuri kwa Nani?

Neno la kusomwa kwanza: Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 8



Ibada ikiisha siku ya Jumapili, watu hawaendi zao mara moja. Husimama kivulini wakaulizana habari za mvua, na za wagonjwa, na bei ya ndizi sokoni Morogoro. Na vijana, hata wazee kadha wa kadha, huulizana habari za picha za sinema. "Umeiona ile?" "Nimeiona." "Waionaje?" "Nzuri mno, kaitazame!" Au mwingine hujibu, "Haifai hata kidogo." Basi, shauri limekwisha. Mmoja amehukumu kwa maneno mawili, na mwenzake jioni ameshika njia kwenda kuitazama, pengine na watoto wake nyuma yake. Wengi huliona jambo hilo kuwa dogo. Sisi twaliona kuwa la kufikiriwa, maana mtu yule hakuijua picha. Alilolijua ni neno la ndugu yake tu, na kwa neno hilo amekwenda.

Wakristo wa Korintho nao walikuwa na swali la namna hiyo, ila lao lilikuwa la nyama. Nyama iliyotolewa kwa sanamu iliuzwa sokoni, na wengine waliila bila hofu, kwa kuwa walijua ya kwamba sanamu si kitu. Paulo hakuwaambia kwamba wamekosa katika kujua kwao. Lakini aliwauliza habari ya mtu wa tatu, yule anayepita mlangoni akawaona wameketi mezani. Mtu huyo ametoka juzi katika ibada ya sanamu. Akiwaona wenye maarifa wanakula, naye atajipa moyo ale, huku dhamiri yake yamshitaki. Na kwa meza ileile mmoja ameondoka ameshiba, na mwingine ameondoka ameumia. Hatujui mwalimu mwema kuliko huyu kwa mambo ya sinema.

Swali la "kwa nani?" lilikwisha kuulizwa zamani katika nchi hii, walakini si kwa njia ya Paulo. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misioni lilianzisha kazi ya kutengeneza picha za sinema kwa ajili ya Waafrika, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, nayo iliendelea mpaka 1937. Fedha nyingi zilitolewa na Carnegie Corporation ya Marekani, Meja L. A. Notcutt aliangalia utengenezaji, na Bwana G. C. Latham mambo ya elimu. Waigizaji walikuwa wenyeji. Picha zilipakiwa katika lori pamoja na mitambo yake, zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Moja katika za kwanza ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: mtu mmoja aweka fedha zake benki, mwenzake azifukia, na mwizi aja kuzifukua. Msomaji wa Mathayo 25 atamtambua mara moja huyo mwenye kufukia. Nyingine, iliyoitwa Gumu, ilisimulia habari za kijana aliyetoka kwao akaenda mjini akaharibika. Tena zilikuwako picha za malaria ya watoto wachanga na za safura, ambazo hakuna mama angezikataa.

Hatuidharau kazi hiyo. Lakini walioifanya waliamini ya kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha iendayo upesi, bali apewe ya polepole na nyepesi. Na wakaguzi wa serikali za kikoloni, kama vile Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, walizigawa picha kwa rangi ya ngozi: hii aitazame Mzungu, Mwafrika asiitazame. Mwalimu na mkulima, mwenye busara na mlevi, mama mwenye wajukuu na mtoto wa miaka saba, wote walihesabiwa kuwa mtazamaji mmoja. Waliuliza "kwa nani?" kwa dharau. Paulo aliuliza kwa kumpenda ndugu yake, hata akawa tayari kuiacha nyama yeye mwenyewe. Mkaguzi hakuacha kitu. Picha aliyomkataza mpishi wake, yeye aliitazama jioni ileile katika klabu yake.

Wala watu hawakungoja kuchaguliwa. Katika miji ya pwani na ya bara walijaza majumba ya sinema wakatazama picha za Kihindi ambazo lugha yake hawakuijua, wakalia machozi mahali pa kulia. Wazee wangali wakumbuka Awara, ya mwaka 1951. Humo hakimu amfukuza mke wake mjamzito, kwa sababu alitekwa na jambazi na watu wanamnong'ona. Mtoto akazaliwa katika umaskini, akafundishwa wizi na jambazi yuleyule, naye hakimu amekuwa akishikilia siku zote ya kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Mtu akituuliza ile yafaa nani, sisi hatutamtaja kijana apendaye nyimbo kwanza, ingawa ataifurahia. Tutawataja wazee wa kanisa wakaao barazani kuamua mashauri ya ndoa. Waitazame wao, usiku mmoja kabla ya baraza.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, nyuma ya Zanzibar iliyotangulia kwa miaka ishirini hivi. Kabla yake na baada yake zilikuja kanda za video, na mabanda yake yenye mabenchi; sasa picha zimeingia katika simu, na mtoto wa Mgeta aweza kuitazama chini ya blanketi wakati mama yake adhani amelala. Mabandani walitokea wasimulizi, kama yule ajulikanaye kwa jina la Lufufu, ambao waliweka sauti zao juu ya picha za kigeni wakazieleza kwa Kiswahili. Watu wenye elimu waliwacheka. Sisi twaona waliwafanyia wema wasiojua Kiingereza wala Kichina. Hata hivyo msimulizi aliyeipenda vita aliwapenda wapiganaji, na aliyetaka kuchekesha alichekesha hata penye msiba. Nao waliokaa bendini mwake waliondoka na picha yake yeye. Kila asimuliaye sinema chini ya mti wa kanisani ni msimulizi wa namna hiyo.

Hapa twafika penye maumivu. Tangu mwaka 2003 hivi zilienea mno picha za Kitanzania, na baadhi yake ni za majini, mizimu na uchawi. Nsyuka na Shumileta ni miongoni mwa zilizojulikana sana. Mtu wa mjini aliyezoea huzitazama kama atazamavyo mchezo. Aona damu kuwa ni rangi, na kucha za jini kuwa ni za bandia, akacheka, akaenda kulala. Huyu ndiye yule mla nyama wa Korintho, ajuaye ya kwamba sanamu si kitu. Kesho yake asema, "Nzuri sana ile, inachekesha." Lakini picha hiyohiyo yapanda mlimani. Katika nchi hii wanawake wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, hasa pande za Shinyanga na Mwanza, na mara nyingi dalili iliyotajwa ilikuwa ni macho mekundu tu, macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni. Na ni bibi gani wa Uluguru asiyepika kwa kuni? Tena kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nyumba ya bibi mzaa mama ndiyo kwao hasa. Mtoto akiona katika picha kikongwe mwenye macho mekundu akila watu usiku, kisha akakataa kulala kwa bibi yake, na jirani akauliza, "Kwa nini mtoto amkimbia?", neno limekwisha kuzaliwa kijijini, nalo halitarudi tumboni. Hatusemi kwamba picha moja yaua mtu. Twasema ya kwamba yule aliyecheka mjini alipaswa kuongeza maneno machache: "Mimi nilicheka, lakini usimwonyeshe mtoto, na usiitazame nyumbani penye ugonjwa usiojulikana sababu yake."

Si kila picha yenye mganga ni ya kukataliwa kwa pumzi moja. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliyotengenezwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, yahusu mke kijana mwenye ugonjwa ambao hospitali haikuuweza, naye anawaogopa waganga tangu utoto wake. Mwisho uponyaji wake watokea kwa mganga. Waalimu wengine watasema, "Ni ya kipagani, ondoa." Kwa aliyebatizwa mwaka huu, ambaye hirizi yake ingali imefichwa darini, twakubali: angoje. Lakini muuguzi wa hospitali yetu na aitazame, na mchungaji pia, kwa kuwa yaonyesha vizuri jinsi hofu ikaavyo ndani ya mgonjwa, nasi mara nyingi twamwombea mtu bila kumwuliza anaogopa nini.

Amri ya nane nayo yasimama mlangoni pa sinema. Kuna mtu ailaaniye picha ambayo hajaiona, kwa kuwa amesikia tu. Kuna amtukanaye sokoni mwanamke aliyeigiza kahaba, kana kwamba yeye ndiye kahaba. Lakini yule aliyeigiza mchungaji mtakatifu hamwombi ampe ubatizo! Na katika filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979 iliyofuata Injili ya Luka na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, aonekanaye ni mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon. Watoto wa shule ya Jumapili waambiwe hivyo kabla taa hazijazimwa, wasije wakamwomba Mwingereza.

Hatimaye ziko picha zinazotuhusu sisi Walutheri hasa, nazo ndizo tunazozisifu pasipo kufikiri. Mwaka 1953 Walutheri wa Marekani walisaidia kutengeneza picha ya Martin Luther. Huko Quebec, nchini Kanada, wakaguzi waliikataza. Na mjini Chicago, Desemba 1956, kituo cha televisheni kilikuwa tayari kuionyesha, kikaiacha baada ya Wakatoliki kulalamika, Waprotestanti nao wakalalamika kwa kuachwa kwake. Mwaka 2003 ikatoka nyingine, Joseph Fiennes akiwa Luther, na sehemu ya fedha zake ilitoka kwa Thrivent, shirika la Walutheri wa Marekani.

Vijana wa usharika wakisema, "Tuionyeshe uwanjani, watu wote waje," sisi twauliza ni watu gani hao wote. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Morogoro katika miaka ya 1880, na milimani jirani zetu wengi ni Wakatoliki, na wengi ni Waislamu. Ndio waliotubebea jeneza msiba ulipotufika, na twalima nao bonde moja. Picha hiyo yamwonyesha Tetzel akiuza vyeti vya msamaha, na Roma katika fahari yake. Mambo hayo yalikuwako, hatuyafichi. Lakini kwetu ni historia, na kwa mama Mkatoliki aliyekuja na mkeka wake kwa kuwa alialikwa, ni mama yake anayechekwa mbele ya watu. Yeye aliyekuja kwa neno letu, je, tulimwambia analokuja kuliona?

Wala watoto si wake. Mna mtoto aliyejinyonga, na maiti za vita vya wakulima. Lakini katika habari hiyohiyo ya mtoto, Luther amchimbia kaburi kwa mikono yake mwenyewe, amzike katika uwanja wa kanisa, ingawa watu wasimama mbali. Ziko nyumba katika sharika zetu zilizofiwa kwa njia hiyo, ambazo wapitao huharakisha hatua, na hata jina la marehemu halitajwi tena. Kwa hao picha hii ni nzuri, kuliko kwa mtu mwingine yeyote tumjuaye. Wasiitazame uwanjani. Mchungaji aichukue nyumbani mwao, aketi nao, na ikifika mahali pale asiseme neno upesi.

Kwa waliosalia, mwinjilisti na aitazame kwanza yeye peke yake mpaka mwisho, kisha aionyeshe ndani ya kanisa, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Maneno yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo msimulizi achaguliwe mapema. Si yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, bali ajuaye lugha na asiyependa kuongeza ya kwake.